Lete Sahani: Maneno ya Kiingereza Yanayotupoteza Njiani

Haya ndiyo niliyoyasema kwenye mkutano wetu wa wafasiri na wakalimani. Waliokosa kufika wameomba niyaweke yote, nami nimeyaweka kama yalivyotoka mdomoni. Picha za ukutani tu ndizo nilizoziacha.

Mwenyekiti, walimu wangu mlioketi mbele, na nyinyi wenzangu wa kazi hii ya kubeba maneno ya watu: shikamooni wa kushikamoo, na wengine habari zenu.

Nianze na mwaliko. Mtu amehamia Australia, hana hata mwezi. Jirani anamkaribisha kwenye tafrija ya Jumamosi, halafu anamwambia, "Bring a plate." Lete sahani. Mgeni anajiuliza: hawa watu hawana vyombo? Lakini mgeni ni mgeni, haya zinamzuia kuuliza. Jumamosi inafika. Anachagua sahani yake nzuri, anaiosha, anaipangusa, anaibeba kwa mikono miwili, anabisha hodi. Ndani anakuta meza imejaa. Kila mtu ameleta sahani, na kila sahani ina chakula. Yake peke yake ndiyo inayong'aa.

Kisa hiki kimewapata wahamiaji wengi Australia na New Zealand, mpaka wenyeji wanakisimulia kama mzaha. "Bring a plate" kule maana yake ni njoo na chakula cha kuchangia. Sasa nawauliza, wenzangu: mgeni yule hakujua neno gani? "Bring" analijua. "Plate" analijua tangu shule ya msingi. Hakuna neno hata moja pale la kumpeleka kwenye kamusi.

Hilo ndilo nililokuja kulisema, na nitalirudia mpaka mnichoke. Neno usilolijua halikupotezi, maana utauliza. Linalokupoteza ni lile unalolijua.

Kwa hiyo leo sitawachosha na ile orodha ya shuleni, kwamba Mwingereza husema "lift" na Mmarekani "elevator", huyu "petrol" na yule "gas". Orodha hiyo haijawahi kumuumiza mtu. Mwafrika Kusini akikuelekeza ukate kushoto kwenye "robot", utacheka, utauliza, utaambiwa ni taa za kuongozea magari, yamekwisha. Hatari iko kwenye neno lililokuja na sura ya nyumbani. Msifie Mwingereza "pants" zake, uone atakavyokutazama: kwa Mmarekani ni suruali, kwa Mwingereza ni chupi. Na Mwaustralia akikwambia anakwenda ufukweni na "thongs", usigeuze uso. Ni kandambili.

Mimi mwenyewe yalinikuta. Nilikwenda kusoma Leeds, kaskazini mwa Uingereza, nikapanga chumba kwa mama mmoja mtu mzima, mwenye maneno machache na moyo mkubwa. Wiki ya kwanza akaniambia nije kwake kwa "tea", "half five". Saa kumi na moja na nusu jioni. Nikajua nimeitwa chai. Chai ni kikombe, labda na kipande cha keki, na mtu haendi kwenye chai ya watu ameshika tumbo. Basi saa kumi na moja nikapika wali wangu, nikala nikashiba, nikanawa, nikashuka ngazi.

Mezani kulikuwa na soseji tatu kwa kila mtu. Kulikuwa na kilima cha viazi vilivyopondwa, kabichi, na mchuzi mzito wa kahawia kwenye kibuyu cha kauri chenye mdomo kama wa bata. Chai yenyewe haikuwepo. Mama ananitazama kwa furaha, ananiambia kula mwanangu umekonda. Nilikula, ndugu zangu. Nilikula kama mtu anayelipa deni. Soseji ya tatu naikumbuka mpaka leo.

Kwa familia nyingi za kaskazini mwa Uingereza, "tea" ni chakula chenyewe cha jioni, na "dinner" ni cha mchana. Nenda kusini, au nenda kwa watu wenye uwezo zaidi, "dinner" ndiyo ya usiku. Neno moja linakwambia mtu anatoka wapi na baba yake alifanya kazi gani, na wewe unadhani mnazungumza kuhusu chai tu.

Mama yuleyule, kila asubuhi tukikutana kwenye ngazi, ananiuliza, "You all right?" Siku ya kwanza nikasema ndiyo. Ya pili ndiyo. Ya tatu nikaenda kujitazama kwenye kioo. Nina nini mimi? Nimepauka? Siku ya nne nikaamua kusema kweli, nikaanza kumweleza habari za kifua changu na baridi ya kule. Alisikiliza kwa adabu, mkono kwenye kitasa. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba ile ni salamu, na jibu lake ni kuirudisha vilevile: "All right?" Ukiwa Mmarekani umefika London leo, utahangaika kama nilivyohangaika mimi, kwa sababu kwake swali hilo huulizwa mtu aliyeanguka.

Lakini sisi tulistahili kuelewa upesi zaidi, au siyo? Nani kati yenu akiulizwa "hujambo" huanza kuhesabu majambo yake? Mtu anaumwa jino, anadaiwa, gari limeharibika, anajibu: sijambo. Tunajua vizuri sana kwamba salamu haifasiriki neno kwa neno. Tunalijua kwa lugha yetu, halafu tunalisahau tukivuka kwenda kwenye lugha ya wengine.

Na kabla sijaondoka Uingereza: dereva wa basi la Leeds, mwanamume wa miraba minne, aliniita "love". Mpenzi. Nikashuka kituo kimoja kabla. Kumbe ndivyo wanavyomwita yeyote kule, mwanamume kwa mwanamke. Ukiwa Nottingham au Stoke utaitwa "duck", bata. Ukipanda juu hadi Newcastle utaitwa "pet", mnyama wa kufugwa. Na ukivuka mpaka ukafika Glasgow, kama ni mwanamke, utaitwa "hen", kuku jike. Safari ya siku moja tu, umeshakuwa banda zima.

Haya tunacheka. Sasa niwaombe tuache kucheka kidogo.

Desemba 1941, Pearl Harbor, kambi ya wanamaji wa Marekani, imetoka kushambuliwa na Wajapani, Churchill, waziri mkuu wa Uingereza, alivuka bahari kwenda Washington pamoja na wakuu wa majeshi yake. Katika kumbukumbu zake za vita anasimulia kwamba wakuu wa Uingereza walikuwa na waraka wa haraka, wakawaambia wenzao Wamarekani wanataka "to table it". Kuuweka mezani. Kwa Mwingereza, kuweka jambo mezani ni kulileta lijadiliwe. Kwa Mmarekani ni kinyume kabisa: ni kuliahirisha, kulitia kwenye droo lisahaulike. Basi Waingereza wanasema tuweke mezani, ni muhimu mno. Wamarekani wanasema haiwezekani kuweka mezani, ni muhimu mno. Walibishana muda mrefu, na kwa uchungu, kabla ya kugundua kwamba pande zote mbili zinataka kitu kilekile. Sisi tunaosema hati imewasilishwa mezani tuko upande wa Waingereza. Kwa hiyo mkalimani, siku ukimkalimania Mmarekani kikaoni, kumbuka meza yake ina droo.

Pale ulipotea muda tu. Miaka kumi baadaye, Korea, vilipotea vitu vizito zaidi.

Aprili 1951. Brigedi ya Waingereza imepangwa kando ya Mto Imjin. Usiku wa tarehe 22, jeshi la China linavuka mto kwa wingi usiohesabika. Kikosi kimoja, cha Gloucestershire, kinajikuta juu ya kilima, maadui pande zote, risasi zinakwisha, maji yanakwisha. Kamanda wa brigedi, Brigedia Tom Brodie, yuko chini ya jenerali Mmarekani, Robert Soule. Jenerali anamuuliza kwa simu ya upepo: hali ikoje huko? Na Brodie anajibu kwa Kiingereza cha watu wake, kile cha afisa asiyepaza sauti, kwamba mambo ni "a bit sticky". Yananata kidogo.

Wenzangu, hebu isikilizeni sentensi hiyo kwa masikio mawili. Sikio la Mwingereza: afisa wa cheo hicho akisema mambo yananata kidogo, ujue mambo yamekufa. Tumeingiliwa, tusaidieni sasa hivi. Lakini sikio lililopokea simu lilikuwa la Mmarekani. Kwake "a bit" ni kidogo, na kidogo ni kidogo. Kuna ugumu, lakini wanaumudu. Akawaacha wakae pale pale. Amri ya kurudi nyuma ilipokuja, njia ilikuwa imeshafungwa. Zaidi ya askari 500 wa kikosi kile walitekwa, na waliofanikiwa kurudi walikuwa makumi tu.

Sitaki kuwadanganya. Vita havina sababu moja, na wanaovichunguza vile wanataja mengine mengi, mawasiliano mabovu, ukubwa wa jeshi lililowashambulia. Lakini simu ile ilipigwa kwa lugha moja, na watu wawili waliozaliwa ndani ya lugha hiyo hawakuelewana. Na ni neno gani hapo lilikuwa geni? "A bit"? "Sticky"?

Tangu nijue kisa hiki, sipumbazwi tena na "quite". Mwingereza akiisoma kazi yako akasema ni "quite good", usikimbilie kufurahi. Mara nyingi maana yake ni "si mbaya, lakini". Mmarekani akisema hivyo hivyo, furahi, amekusifu.

Sasa nigeuze upande wa pili. Misemo hii inatoka wapi? Walimu wengi walitufundisha kwamba Kiingereza sahihi kiko London au New York, na kwingine kote ni makosa yanayosubiri kalamu nyekundu. Mimi nasema hapana, na nitaanza na Ireland.

Mtu wa Dublin akikwambia "I'm after eating", Mwingereza anasikia mtu anayetafuta chakula. Mwenyewe anasema nini? Anasema ametoka kula. Ni muundo wa Kiayalandi, lugha ya mababu zake, uliovaa maneno ya Kiingereza. Na angalieni Kiswahili: "nimetoka kula". Mtu hajatoka popote, amekaa palepale kwenye kiti. Wairishi na sisi tumeshika kitendo kilichokwisha punde kwa hila ileile, na hatujawahi kukaa kikao.

Afrika Kusini wana "just now". Fundi akikwambia anakuja "just now", usiweke sufuria ya chai jikoni, maana atakuja baadaye, saa isiyojulikana. "Now now" ina haraka kidogo. Kiafrikana, lugha nyingine ya kule, chenye "netnou" na "nou-nou", kimesimama nyuma ya hayo. Mwingereza aliyezoea "just now" ya dakika hii huwa anakasirika sana. Sisi wenye "sasa hivi" yetu hatuna haki ya kumcheka yeyote.

Na Nigeria! Hapa nitakaa, maana hapa ni nyumbani kwa maana. Mnigeria ameinuka kitini anaelekea mlangoni, anakwambia, "I'm coming." Mgeni anashangaa: unakuja vipi na unaondoka? Anakwambia anarudi sasa hivi, usiondoke. Nani humu hajawahi kusema "nakuja" huku akimpa mtu mgongo? Akikukuta unafanya kazi, atakwambia "well done", na hakukagui. Anakupa pole na kazi. Ukijikwaa mbele yake, atakwambia "sorry".

Hiyo "sorry" ndiyo iliyonigharimu Leeds. Mwenzangu darasani alijigonga goti kwenye meza, nikamwambia "sorry". Akanitazama: "Why? You didn't do it." Kwa nini, si wewe uliyefanya. Kwake "sorry" inayotolewa haraka namna ile ni ya kukiri kosa. Nilisimama pale na pole yangu mkononi kama yule mgeni na sahani yake.

Mniruhusu niseme kwa ukali kidogo. Mwalimu anayempigia mtoto mkasi kwa "sorry" hiyo, na kumwambia hajui Kiingereza, amekosea. Mtoto anakijua Kiingereza cha mamilioni ya watu wa Afrika Magharibi, na anajua jambo ambalo Kiingereza cha London hakina neno lake fupi: kumgusa mtu katika maumivu usiyoyasababisha. Januari 2020 kamusi ya Oxford iliingiza kundi la maneno ya Nigeria, likiwemo "next tomorrow", yaani kesho kutwa. Kiingereza cha Uingereza kilikuwa kinapita na "the day after tomorrow", maneno manne kwa jambo la siku mbili. Vivyo hivyo Wahindi walipokuta kuna "postpone" ya kusogeza mbele lakini hakuna neno moja lililozoeleka la kurudisha tarehe nyuma, wakalieneza lao: "prepone". Mimi nalitumia na sioni aibu.

Lakini Wahindi haohao walinitoa jasho. Nikiwa mfasiri mchanga, mteja wa kule alinitumia maoni juu ya tafsiri yangu, mwishoni ameandika, "Please revert by Friday." Kamusi yangu ilisema "revert" ni kurudi katika hali ya awali. Nikahuzunika, lakini mteja ni mteja. Nikafuta marekebisho ya siku tatu, nikarudisha rasimu ya kwanza na makosa yake yote, nikaituma Alhamisi ili nionekane hodari. Kwa Mhindi, na kwa Msingapore pia, "please revert" ni "tafadhali nijibu". Alitaka jibu la mistari miwili. Marekebisho niliyafanya upya usiku kucha.

Linalokupoteza ni lile unalolijua. Nilisema nitalirudia.

Kuna pengo moja la Kiingereza ambalo sisi hatulijui. Zamani kilikuwa na "thou" ya mtu mmoja na "you" ya wengi. "Thou" ikafifia, "you" ikabebeshwa wote. Sisi tuna wewe na nyinyi, tunalala usingizi. Wao kila mkoa umejishonea kiraka chake: kusini mwa Marekani "y'all", Pittsburgh "yinz", Dublin na Liverpool "yous". Watu wa vitabu huvicheka viraka hivi. Mkalimani ukivisikia mshukuru Mungu, umeondolewa kazi ya kubahatisha.

Na kiraka humtaja aliyekishona. Mwanaisimu Mmarekani Roger Shuy aliletewa na polisi barua ya mtekaji nyara. Mtoto wa kike ameibwa, anatakiwa fidia ya dola 10,000. Mwandishi amekosea maneno mepesi, "kan" na "kops", kwa herufi ya K. Lakini "precious" na "diaper" ameyaandika barabara. Shuy akaona: huyu amesoma, anajifanya mjinga. Kisha akafika pale fedha zinapotakiwa kuachwa: kwenye "devil strip", ukanda wa shetani. Ndiyo nini? Ni ule ukanda wa majani kati ya barabara na njia ya watembea kwa miguu. Marekani una majina chungu nzima, Cleveland wanauita "tree lawn", lakini "devil strip" ni neno la Akron, Ohio. Shuy akawauliza polisi: katika washukiwa wenu, yuko mtu aliyesoma, mwenyeji wa Akron? Alikuwepo mmoja.

Alibadilisha tahajia, akaficha elimu yake. Jina la ukanda wa majani hakulificha, kwa sababu hakujua kwamba ni la kwao. Yeye alidhani ni Kiingereza tu.

Mambo kama hayo yanajulikana kwa sababu kuna watu waliokwenda kuyaokota. Frederic Cassidy, mzaliwa wa Jamaica aliyefundisha Wisconsin, aliwatuma watu wake kwa magari kati ya 1965 na 1970 katika jumuiya 1,002 za Marekani, wakiuliza maswali zaidi ya 1,600: hiki mnakiitaje, yule mnamwitaje? Juzuu ya kwanza ya kamusi yao ya maneno ya mikoa ya Marekani ilitoka 1985, ikaishia herufi C. Cassidy akafariki mwaka 2000, kazi haijakamilika. Kwenye jiwe la kaburi lake wameandika kauli aliyozoea kuwaambia wenzake: "On to Z!" Twendeni hadi Z. Juzuu ya tano, yenye hiyo Z, ilitoka 2012.

Mwenyekiti ananionyesha saa tangu dakika kumi zilizopita, na mimi nimekuwa nikimjibu kwa "just now" ya Afrika Kusini. Maswali tuyachukulie nje, wameniambia chai iko tayari. Nimekwenda kuhakikisha kwa macho yangu: ni chai.